Mikia iliyokunjika: panya wa New York na jamaa wa Bahi

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ule msimu ambao upepo wa Dodoma unapiga mpaka meno yanagongana, jamaa mmoja wa Bahi aliingia lab kwetu amevaa koti kubwa, mkono mmoja kauficha ndani ya koti. Nikajua tu. Wanaoleta choo wanakuja na rambo wanaining'iniza hawana habari, ila wanaoleta shahawa wote wanatembea hivyo, kama mtu kaiba kitu dukani. Akanisalimia "shikamoo dokta" wakati kwa macho tu ananizidi miaka kumi, mi nikaitikia kwa aibu maana hapa kila mwenye koti jeupe ni dokta hata ungemwambia vipi.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Ndoa miaka mitatu, mtoto hamna, mke kashapimwa kaambiwa yuko sawa, na ukweni maneno yameshaanza. Sampuli kaitoa nyumbani alfajiri, kapanda Coaster, kafika mjini, kaulizia njia, kafika kwetu. Kachupa kenyewe kalikuwa ka dawa ya kikohozi ya watoto, kale ka kahawia, lebo imebanduliwa. Mi kwenye rejista nikaandika ujazo mililita sita na kitu, nyepesi, majimaji. Nikageuza ukurasa nikaendelea na kazi. Hapo ndo nilitakiwa nisimame na sikusimama, nawaambia mapema ili msije mkadhani kisa hiki mimi ndo shujaa wake.

Nikaweka tone kwenye slaidi, nikafunika, lenzi ya 40. Hamna kinachotembea. Na mikia yote, yaani yote, imekunjika. Mingine kama ndoano, mingine imejipinda katikati kama pini ya nywele, mingine ni kiduara tu kimeshikana na kichwa. Sasa mimi kipindi hicho nilikuwa nimetoka kusoma habari za panya fulani wa maabara ambao mbegu zao zinakunjika hivyo hivyo sababu wamezaliwa bila kimeng'enya kimoja, na kichwa changu kilikuwa kimejaa hao panya, basi moyo ukaanza kunidunda kama nimeokota almasi Mwadui. Nikamfuata Mama, ndo mkuu wetu wa lab, mama wa Kigogo wa Mvumi, mtu wa maneno machache, nikamwambia Mama njoo uone, huyu ana tatizo la kurithi. Hakuja hata kwenye darubini. Akaniuliza, "Chupa kaitoa wapi, mwanangu?"

Nitarudi kwenye hiyo chupa. Kwanza niwaeleze wale panya, maana bila wao hamtaelewa kwa nini kosa langu lilikuwa la kijinga kiasi kile.

Kila seli ya mwili ina utando, ngozi yake ya nje, na moja ya mafuta yanayojenga hiyo ngozi yanaitwa sfingomaelini. Ngozi zinachakaa, seli zinakufa, zinaliwa na seli nyingine, na hayo mafuta lazima yavunjwe. Kazi hiyo inafanyika kwenye laisosomu, vile vifuko vyenye asidi ndani ya seli, na anayeifanya ni kimeng'enya kinaitwa asidi sfingomaelinesi (mtaani kwetu lab tunasema tu enzaimu, kimeng'enya ni neno la kwenye mitihani). Anaikata sfingomaelini vipande viwili, seramaidi na fosfokolini, basi, kazi imeisha. Gini inayotoa maelekezo ya kumtengeneza inaitwa SMPD1, kwa binadamu iko kromosomu ya 11. Mtoto akirithi kopi mbovu kutoka kwa baba na nyingine mbovu kutoka kwa mama anapata ugonjwa wa Niemann-Pick, aina A au B. A ni mbaya sana, inashambulia ubongo na watoto wengi hawavuki miaka mitatu. B inawaacha wengine wafike utu uzima wakiwa na ini kubwa, bandama kubwa na mapafu yenye shida. Kwamba tatizo ni huyu enzaimu lilijulikana 1966, kazi ya Roscoe Brady na wenzake Marekani.

Mwaka 1995 makundi mawili, moja likiwa la chuo cha udaktari cha Mount Sinai kule New York, yalitengeneza panya ambao gini hiyo imezimwa kabisa. Nikisema panya naomba usifikirie panyabuku, wale wakubwa wanaofunzwa pale SUA Morogoro kunusa TB na mabomu, hapana, hawa ni vipanya vidogo vya gramu ishirini na kitu, mkononi huvisikii. Wanazaliwa wazima. Wanakua vizuri tu. Wakifika miezi miwili hivi wanaanza kutetemeka na kuyumba kwa sababu seli za ubongo wa nyuma zinazoshika mizani ya mwili zinakufa, na kati ya miezi sita na minane wengi wamekufa.

Sasa hapa pana mtego ambao mtu mwenye haraka anauingia mzima mzima. Ukimuweka panya dume wa hivyo na jike, jike asipate mimba, utasema mbegu zake mbovu? Mnyama anayumba, kusimama tu ni shida, kumpanda jike ataweza saa ngapi? Kwa hiyo kuhesabu watoto peke yake hakukwambii kitu. Inabidi umfungue, uangalie korodani, uangalie ule mrija mrefu uliojikunjakunja juu ya korodani ambako mbegu zinakaa kupevuka, yaani epididimisi, afu uzitoe mbegu uziangalie zikiwa peke yake nje ya mwili. Kundi la Mount Sinai lilifanya hivyo na kuchapisha 2002.

Tuanze na korodani. Watu wanadhani korodani ni kiwanda cha kutengeneza tu, lakini ni kiwanda cha kutupa pia, na mi naona hapo ndo utamu wa kisa chote. Mbegu ya kiume inaanza kama seli ya duara ya kawaida yenye uji wake wote ndani. Ili iwe ile kitu nyembamba yenye mkia inabidi ivue karibu kila kitu, na kinachovuliwa, yale mabaki, yanamezwa na seli za Sertoli, wale walezi wakubwa waliosimama ukutani mwa mirija ya korodani wakizishikilia mbegu zinazokua. Kila mbegu moja inaacha fungu lake la mabaki. Panya mmoja anatoa mbegu mamilioni kila siku. Sasa fikiria seli ya Sertoli inameza mafungu hayo mchana na usiku, yote yamejaa ngozi za seli, yaani yamejaa sfingomaelini, na yule wa kuivunja hayupo.

Waliowahi kufanya kazi mashine za kukoboa Kibaigwa wataelewa haraka. Mahindi yanaingia, sembe inatoka, na pumba inatoka pembeni. Pumba isipozolewa mashine haizimi siku hiyo hiyo. Inaendelea kukoboa, pumba inajaa gunia, inamwagika, inajaa sakafu, inamfika fundi magotini, na sembe bado inatoka ila sasa ina pumba ndani yake. Ndo hivyo hivyo. Kwenye hao panya seli za Sertoli na zile za ukuta wa epididimisi zilikutwa zimejaa vifuko vya mafuta, na kadiri mnyama anavyozeeka ndo hali inavyozidi, na mbegu zinazotoka zina sfingomaelini na kolestro kupita kiasi kwenye ngozi zao.

Kolestro kaingiaje? Hawa wawili ni kama chanda na pete. Penye sfingomaelini nyingi kolestro inaenda kujibanza hapo hapo na haitoki kirahisi. Na kutoka kwa kolestro ni jambo kubwa kwa mbegu. Tangu 1951 inajulikana, kazi ya Chang upande wake na Austin upande wake, kwamba mbegu iliyotoka tu haiwezi kurutubisha yai, inabidi ikae kwanza ndani ya njia ya jike ipate "kuiva", na sehemu ya kuiva huko ni kupunguza kolestro kwenye ngozi ili ngozi ilegee, iwe tayari kuungana na yai. Mbegu za wale panya hazikuiva inavyotakiwa. Mwendo wao nao ulikuwa hafifu, na mitokondria, wale wanaotoa nguvu pale shingoni mwa mkia, chaji yao ilikuwa imeshuka.

Na mikia ilikuwa imekunjika, pini ya nywele kabisa. Swali likawa mkia umekunjika kwa sababu gani, ni nguzo za ndani zilizojengwa vibaya kule korodani au ni ngozi ya nje inayouvuta? Wakachukua detajenti laini, kitu cha ukoo mmoja na sabuni, kiasi kidogo cha kulegeza ngozi tu, wakaziweka mbegu humo. Mikia ikanyooka.

Mi niliposoma pale nilisimama nikazunguka meza. Ni jaribio la bei rahisi kuliko yote kwenye kazi hiyo na ndo linalosema neno kubwa kuliko yote, kwamba nguzo za ndani ni nzima, aliyebana ni ngozi. Kama mtu kavaa suruali iliyombana magoti mpaka anatembea kachuchumaa, usimpeleke kwa daktari wa mifupa, mvue suruali.

Sasa turudi kwa jamaa wa Bahi, maana mimi na akili zangu pale nilikuwa nimeshakata shauri. Mikia imekunjika kama ya panya, kwa hiyo ngozi, kwa hiyo mafuta, kwa hiyo enzaimu, kwa hiyo kurithi. Nikawa hata nafikiria nikaombe detajenti, nione ikinyooka nipate ushahidi.

Mama akanikalisha. Kwanza akaniambia nimuangalie mtu mwenyewe kabla ya slaidi. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, analima mpunga Bahi, magunia anabeba mwenyewe begani, tumbo bapa. Niemann-Pick B ingekuwa kali kiasi cha kuharibu kila mkia, bandama lake lingekuwa linaonekana akiwa kavaa shati. Na bandama kubwa lenyewe hapa kwetu kitu cha kwanza kufikiria ni malaria ya mara kwa mara, hao Niemann-Pick wako mwisho kabisa wa foleni. Nikawa sina jibu.

Afu akamuita jamaa, taratibu, mlango umefungwa. "Baba, hiki kichupa ulikiosha?" Jamaa akajibu kwa fahari kabisa, ndiyo Mama, nilikisuuza vizuri mara tatu kwa maji ya bomba ili kisije kikawa na dawa. Ulikikausha? Kimya. Yaani maji yaliyobaki humo chini, na kwa ile mililita sita naona hayakuwa machache, ndo yaliyochanganyika na sampuli. Mtu wa kawaida anatoa mililita mbili tatu. Sita za majimaji zilitakiwa zinipigie kelele.

Na hapa ndo panaponiuma mpaka leo. Mbegu ukiitia kwenye maji, maji yanakimbilia ndani kwa sababu ndani kuna chumvi na sukari nyingi kuliko nje. (Mtasema maji ya Dodoma yana chumvi, kweli ulimi unaisikia, ila kwa seli hiyo chumvi ni utani.) Ngozi inavimba kama puto, na mkia uliokuwa umenyooka ndani ya ngozi iliyobana unajikuta ndani ya puto, unajikunja ukafuata umbo. Hiki kitu tunakijua, tena ni kipimo rasmi, kilitangazwa 1984, unachukua mbegu unaziweka kwenye maji yenye sitreti na fruktosi yaliyozimuliwa karibu nusu ya ukali wa mwili, unasubiri kama nusu saa, unahesabu mikia iliyojikunja. Na unahesabu ili ujue zilizo HAI. Kwa sababu puto lililotoboka halivimbi. Mbegu iliyokufa ngozi yake imeshapasuka, maji yanaingia na kutoka, mkia unabaki umenyooka vilevile.

Umeona? Alama ile ile. Kwa panya wa New York mkia uliokunjika ni ugonjwa, ngozi imejaa mafuta hailegei. Kwa jamaa wa Bahi mkia uliokunjika ulikuwa ni ushahidi kwamba mbegu zake zilipokutana na yale maji zilikuwa hai na ngozi zao nzima. Mi nikataka kumuandikia ugonjwa wa kurithi.

Na lile jaribio la detajenti nililolitamani ndo lingenimaliza kabisa. Lingefanya kazi! Mikia ya jamaa ingenyooka, kwa sababu hata kwake anayeikunja ni ngozi, ukiitoa ngozi mkia unarudi. Ningepiga picha, ningesema si mnaona. Jaribio lilelile lililowapa wale wa Mount Sinai jibu sahihi lingenipa mimi uongo wenye muhuri, maana wao walikuwa wanauliza ni ngozi au ni nguzo, na mimi nilitakiwa niulize ngozi imeguswa na nini. Wao walikuwa na panya ndugu wasio na tatizo, waliotolewa mbegu siku ile ile kwa maji yale yale ya maabara, wakalinganisha. Mi nilikuwa na kachupa ka kikohozi.

Kitu kingine ambacho kingenifanya nishtuke ni mikunjo yenyewe ilivyokuwa. Kwenye maji inakuwa ya kila namna, huyu ncha tu, huyu nusu, huyu kajiviringisha mzima, kila mmoja kavimba kivyake. Slaidi yangu ilikuwa hivyo hivyo, soko la Majengo siku ya sikukuu. Niliona nikapita.

Halafu njia za kufika kwenye mkia uliokunjika ziko nyingi kuliko hizo mbili, na kadhaa zimeonekana kwa panya. Kuna panya walioondolewa GPX4 ya kwenye mitokondria, hii ni enzaimu ya seleniamu ambayo kwenye mbegu iliyokomaa inaacha kufanya kazi ya enzaimu inageuka tofali, inajenga ganda linaloshika mitokondria kwenye shingo ya mkia, hilo la kugeuka tofali lilitoka 1999. Hao madume ni wagumba na mikia inakunjika pale shingoni. Kuna na wale waliozimwa gini inayoitwa ROS1, kipande cha mwanzo cha epididimisi hakikui, mbegu zinatoka korodani salama ila zinapita kwenye mrija usiozifundisha kuendesha maji yao, matokeo mkia unapiga kona na hazivuki kupanda kutoka kwenye mfuko wa uzazi kwenda kwenye mirija. Hao wa ROS1 nao ukiwawekea detajenti wananyooka. Yaani ukimpa mtu picha tu ya mkia umekunjika, bila historia ya mnyama, hawezi kukwambia ametoka njia ipi, na akikwambia anakudanganya.

Tukamwambia jamaa arudie. Siku tatu asikutane na mkewe, asitoke nayo Bahi, lisaa zima kwenye gari na baridi ile haifai, bora alale gesti karibu na sisi. Tukampa kontena letu kavu, na Mama akamkataza kondomu na sabuni na mafuta, kila kitu. Jumatatu akaja dakika kumi na tano baada ya kutoa, kontena kalibana kwapani kama alivyoelekezwa. Safari hii "mbukwenyi" zake, salamu ya Kigogo, zilisikika tangu mlangoni.

Mililita mbili na nukta, nzito, tukaiacha ikayeyuka nusu saa. Slaidi. Zinaogelea. Siyo zote, lakini zinaogelea, na mikia imenyooka, hapa na pale moja mbovu kama kwa kila mtu. Kuhesabu ndo tukakuta shida yake halisi, idadi iko chini ya ile milioni 16 kwa mililita ambayo mwongozo wa WHO wa 2021 unaiweka kama mpaka wa chini. Kwamba zipo chache si hukumu, na mbegu za leo zilianza kutengenezwa zaidi ya miezi miwili iliyopita (panya siku 35 hivi, binadamu kama 74), kwa hiyo Mama alimuuliza mwezi wa nne na wa tano alikuwaje. Malaria, akasema, alilala wiki nzima na homa. Akaandikiwa kurudi baada ya miezi mitatu, na kwenda kuonwa na daktari aangaliwe mishipa ya korodani kama imevimba.

Afu Mama akanigeukia, akaniambia nichukue tone la sampuli hiyo hiyo niliweke kwenye ile dawa ya kuvimbisha, kwa mkono wangu. Nikaweka, nikasubiri nusu saa, nikaangalia. Slaidi ileile ya wiki iliyopita. Ndoano, viduara, pini.

Jamaa alikuwa bado kakaa kwenye benchi akisubiri karatasi yake, akaomba na yeye aone. Nikamuonyesha kwanza zile zinazoogelea, akacheka mwenyewe kama mtoto. Nikabadilisha slaidi. Akainua kichwa ghafla, sura imebadilika.

"Dokta, mbona hawa wamejikunja?"

"Hao waliojikunja ndo wazima, kaka."

Akarudi kuangalia, akakaa hapo muda mrefu tu. Afu akauliza ile chupa ya kikohozi tumeipeleka wapi, maana shemeji yake anaidai.